Mtakatifu Alebsilef

Niseme mapema, nisije nikasingiziwa: mimi simchukii Padri Gaudêncio. Amenibatizia watoto wawili, amemzika mume wangu, na siku ya maziko alikaa nyumbani kwangu mpaka sufuria ya supu ikaisha. Lakini kwa hili la Mtakatifu Alebsilef nitamcheka mpaka nife, na nikishakufa naomba atakayenirithi aendelee.

Kazi yangu ni kufua mapazia ya marehemu. Makaburi ya Freixal yamejaa vijumba vya mawe, kila ukoo na chake: majeneza yamepangwa kwenye rafu ndani, mlango mbele, dirisha la vioo vya rangi nyuma, na mlangoni pazia la kimia ili mpita njia asichungulie ya watu. Mapazia hayo yanashika vumbi na ukungu, na wenyewe ama wako Ufaransa ama magoti hayawabebi tena. Basi mimi nayavua, nayafua, nayapiga pasi, nayarudisha. Mwaka huu nimetimiza ishirini na sita katika kazi hiyo.

Na napiga picha. Binti yangu aliniachia kamera alipohamia Uswisi, akadhani nitaitumia kwenye harusi. Harusi! Mimi nilikwenda nayo kazini. Majeneza sipigi, sijakosa adabu kiasi hicho. Napiga kinachorudi kwenye vioo: wingu limekaa juu ya bawa la malaika wa bluu, mberoshi umeingia ndani ya kioo chekundu, mkono wa mtu anayepanga maua umegeuka kijani. Ukisimama pazuri, ukakunja magoti na kushika pumzi, kioo cha marehemu kinakuonyesha walio hai. Mji mzima unajua nina wazimu huu, wananiita Idalina Vioo. Mwaka juzi niliomba nitundike picha kumi tu kwenye ukumbi wa parokia. Kamati ikanijibu, "Mama, watu wanakuja pale kunywa kahawa." Nikanyamaza. Mimi kunyamaza si kawaida yangu, kwa hiyo mjue iliniuma.

Sasa, kijumba namba arobaini na saba.

Kilikuwa kimefungwa miaka na miaka. Wezi walipoiba vishikizo vya shaba vya milango, manispaa ya wakati huo ikakipigilia bati mlangoni, na bati likabaki. Plasta yenye jina la ukoo ilishabomoka juu ya mlango. Lililobaki ni lile dirisha la nyuma, jembamba, refu, jeusi kwa kukosa mwanga. Ukilikazia macho vizuri uliona neno moja tu juu, herufi za kizamani zenye mikia na pembe. Padri Gaudêncio, akiwa bado kijana na mwenye bidii, alisimama pale na daftari, akazinakili herufi, akazinyoosha zile alizodhani fundi amekosea, akapata ALEBSILEF. Akarudi kanisani akatuhubiria. Kilatini cha kale, akasema, chenye asili ya Siria. Alebsilef, mfiadini, aliyekatwa ulimi. Weee! Kuanzia hapo akina mama wakaanza kuwasha mishumaa nyuma ya kijumba kile kwa ajili ya maumivu ya meno. Hata mimi niliwasha mmoja, jino la huku nyuma, na likapona. Sina cha kuficha.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuwasha mshumaa pale, naye ni Bi Felisbela.

Bi Felisbela ana miaka themanini na minne na mdomo wa msichana wa sokoni. Thelathini na miwili kati ya hiyo aliipitisha Ufaransa akifagia ngazi za majumba ya watu na kulala vyumba vya nyuma ya jiko. Mama yake alipofariki huku, bosi wake alimnyima ruhusa, hakuzika. Aliporudi akakuta bati. Akawa anakuja kila Jumapili kusimama mbele ya bati lile na kumsalimia mama yake, kisha anazunguka kutukana kijumba cha nyuma yake, cha marehemu Sampaio aliyekuwa akiuza samaki wa chumvi, kwa sababu mjane wake alikijenga kwa jiwe jeusi lililosuguliwa mpaka likawa kioo. "Jiko la hoteli hilo!" alikuwa akisema, kwa sauti, na mjane, Bi Custódia, amesimama pale pale na maua mkononi.

Wiki mbili kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote tangazo likabandikwa namba arobaini na saba. Kijumba hakina mwenyewe. Asipojitokeza mwenye ushahidi mpaka lango litakapofungwa siku ya sikukuu, kinachukuliwa, na mifupa iliyomo inahamishiwa shimo la pamoja.

Nilikwenda na Bi Felisbela ofisini. Bwana Taveira, msimamizi wa makaburi, si mtu mbaya. Ana shati lililopigwa pasi na anapenda karatasi kupita kiasi, basi.

"Mama, cheti hiki cha ubatizo kinaonyesha mama yako alizaliwa na Felisbela Quintela," alisema. "Hilo nimelikubali. Ninachokosa ni kitu kinachosema kijumba kilikuwa cha huyo Felisbela Quintela."

"Hati alikwenda nayo mjomba Brazili. Na ufunguo."

"Na daftari letu la miaka ile liliozeshwa na maji."

"Sasa hapo kosa ni langu? Mama yangu yumo mle ndani, mwanangu! Muulize!"

"Jina lake limo kwenye daftari la maziko, lakini watu walikuwa wakiazimana rafu, mama. Kulazwa humo si kumiliki."

Bi Felisbela akaegemea meza. "Jina langu limo kwenye kioo," alisema. "Nilikuwa na miaka minane. Tunamzika bibi. Nikaingia ndani, nikainua macho, nikaona FELISBELA kwa rangi nyekundu, nikapiga ukelele, nikadhani wananiweka mimi. Mama akacheka, kwenye maziko, akasema, mjinga wewe, hilo ni la bibi, wewe umeazima tu."

Bwana Taveira akanitazama mimi, lile jicho la kusema huyu bibi kichwa kimeanza kuchoka. "Kwenye kioo kuna Mtakatifu Alebsilef, mama," alisema polepole. "Mji mzima unajua."

"Alebsilef ni baba yako!" akajibu Bi Felisbela, na hapo nikamshika mkono tukatoka.

Nje alikaa kwenye kiti cha jiwe, akalia. Sijawahi kumwona akilia. "Nimelala kwenye vyumba vya watu maisha yangu yote, Idalina," aliniambia. "Mama sikumzika. Angalau nilale karibu naye, hata hilo ni kubwa?" Na niseme ukweli ingawa ni aibu: hata mimi sikumwamini kuhusu kioo. Niliamini mama yake yumo, niliamini haki ni yake, lakini kioo nilikijua. Nilikuwa nimekiwashia mshumaa.

Siku nne kabla ya sikukuu wafanyakazi wakaja kuling'oa lile bati, limeoza, wasije watu wakakatwa miguu. Nyuma yake ukatokea mlango wenye kufuli lililoganda kwa kutu na kioo kizito cha mawimbi, cha aina ile inayopitisha mwanga na kuzuia jicho. Nilichungulia, nisingeacha kuchungulia, sikuona kitu. Kuvunja kufuli hairuhusiwi bila mwenye kijumba, na mwenye kijumba ndiye anayetafutwa. Karatasi za watu, jamani.

Mchana ule nilikuwa na mapazia sita ya kurudisha. Saa kumi jioni, kazi imeisha, jua limelala upande wa mto, nikapita njia nyembamba ya nyuma, kati ya namba arobaini na saba na lile jiko la hoteli. Nikasimama ghafla. Ndani ya jiwe jeusi la Sampaio kulikuwa na dirisha linawaka! Nyekundu, bluu, manjano ya yai. Jua lilikuwa limeingia kwa mlango wa mbele, likapita kijumba kizima na kutokea kwenye kioo cha nyuma, na jiwe likakipokea. Sikuwaza Kilatini wala mtakatifu. Niliwaza kamera. Nikapiga magoti kwenye matope na sketi yangu safi, nikaupa mgongo ule mwanga wenyewe, nikapiga picha ya ule wa kwenye jiwe. Tatu, nne, jua likashuka nyuma ya ukuta, kwisha.

Nyumbani nilichemsha maji ya chai ndipo nikazifungua. Nikakuza. Maji yalichemka mpaka yakakauka na birika likaungua.

Ilisomeka kama ilani ya dukani. FELISBELA QUINTELA. Chini yake, kwa herufi ndogo: alijijengea hapa yeye na watakaozaliwa kwake. 1908.

Alebsilef. Felisbela. Hebu lisome mwenyewe kwa nyuma. Miaka arobaini mji mzima tulikuwa tumesimama upande usiokuwa wetu! Bibi yule hakuandikisha kioo kwa ajili ya wapita njia. Aliwaandikia walio ndani, wakiinua macho walione jina lao limenyooka. Kwa nje lilitoka kinyume, na jiwe la Sampaio likalipindua tena likakaa sawa. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, kisha nikamkumbuka yule mfiadini aliyekatwa ulimi, nikacheka tena mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi nilikuwa ofisini kabla ya Bwana Taveira. Aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Umeipindua," alisema.

"Sijaipindua. Jiwe ndilo lililoipindua."

"Mama Idalina, nakuheshimu. Lakini wewe ni rafiki yake, na kamera za siku hizi zinafanya kila kitu. Nikiipeleka hii juu watanicheka."

"Mimi nimechekwa miaka, bwana, na sijafa. Sasa njoo ulione mwenyewe! Saa kumi. Jua likiwa chini."

Alikubali, na sijui kama alikubali kwa heshima au ili niondoke. Lakini siku ile mawingu. Kesho yake mvua. Keshokutwa mvua, na upepo ukaangusha vyungu vya maua. Bwana Taveira kila saa kumi alikuja na mwavuli wake, akasimama mbele ya dirisha jeusi, akasema pole mama, akarudi ofisini. Sikulala siku hizo.

Ikabaki siku yenyewe ya Watakatifu Wote. Toka asubuhi makaburi yalijaa, watu na viti vyao vya kukunja, maua meupe na ya njano hata njia haionekani, muuza kastanha, zile njugu kubwa za kuchoma, yuko langoni moshi umempofusha. Na ukungu. Ukungu mzito umekaa juu ya miberoshi kama mtu aliyelipia nafasi. Saa tisa na nusu nilimleta Bi Felisbela amevaa koti lake la Ufaransa. Nilimweka kwenye kiti kati ya vijumba viwili, uso kwenye jiwe jeusi.

"Unaniweka nitazame jiko la hoteli?" aliniuliza.

"Litazame hivyo hivyo leo, nakuomba."

Watu wakaanza kujaa njiani, maana nilikuwa nimemwambia kila niliyemfulia pazia. Padri Gaudêncio akaja na kitabu chake cha sala. Nilikuwa nimemweleza jambo zima jana yake. Hakubisha wala hakukubali, alisema tu, "Tutaona, binti." Bwana Taveira akaja, saa ya mkononi wazi. Bi Custódia alikuwepo tayari, kwenye kijumba chake, amesimama wima na shada lake.

Saa kumi ikafika, ukungu uko pale pale. Saa kumi na robo. Padri akawasha tochi ya simu, akaenda kumulika mlango wa mbele, akauliza kwa sauti, "Mnaona?" Hatukuona kitu. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwombeni Alebsilef," na watu wakacheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze pamoja na kamera yangu. Bi Felisbela hakucheka. Mikono yake ilikuwa imekamata mkoba mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Lango linafungwa saa kumi na moja," alisema Bwana Taveira, chini chini, kama mtu anayeomba radhi.

"Najua linafungwa lini! Kaa hapo!" nikamfokea. Mtumishi wa serikali, nikamfokea, na akakaa.

Saa kumi na nusu kasoro kidogo, juu ya mto, ukungu ukapasuka. Mwanzo ulikuwa mstari tu, kisha jua lote likashuka chini ya wingu na kuingia makaburini likiwa limelala. Nikaona vijumba vya mstari wa mbele vinageuka dhahabu kimoja kimoja, kinakuja kingine, na kingine. Nikageukia jiwe. Kulikuwa na rangi, lakini rangi iliyotapakaa, haisomeki. Matope! Mvua ya siku mbili ilikuwa imerusha matope kwenye jiwe zima, na mimi mfuaji mapazia, msafishaji wa vijumba, sikulifuta!

Kabla sijavua skafu yangu Bi Custódia alishatupa shada chini. Alivua koti lake, koti la sufu la sikukuu, akalifuta jiwe kwa nguvu, juu, chini, kulia, kushoto, akihema.

"Haya," alimwambia Bi Felisbela bila kugeuka. "Jiko la hoteli hilo. Soma!"

Akasogea pembeni.

Lilikuwa linawaka kuliko siku ile ya kwanza. Herufi nyekundu zilikaa ndani ya jiwe jeusi zimenyooka, mikia yake na pembe zake zote mahali pake. Bi Felisbela aliinuka kwenye kiti bila fimbo, akanyoosha kidole, akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, silabi kwa silabi.

"Fe-lis-be-la. Quin-te-la."

Ukelele uliotoka kwa watu wale! Siku ya Watakatifu Wote, makaburini, watu walipiga makofi na viti vikaanguka. Bwana Taveira aligeuza shingo dirishani, akarudi kwenye jiwe, dirishani, kwenye jiwe, mara tano hivi. Kisha akatoa kalamu, akaandika akiwa amesimama, mgongo wangu akaufanya meza. Nilihisi kila herufi mgongoni na sijawahi kupata raha kama ile. Alipomaliza alilibandua lile tangazo kwa mkono wake mwenyewe.

Padri Gaudêncio alikuwa amevua miwani. "Alebsilef," alisema taratibu, akilipima kinywani. "Miaka arobaini. Nilisema alikatwa ulimi."

"Ulimi anao," akasema Bi Felisbela. "Na nilikuambia, padri, ukanipa rozari nikasali niache kiburi!"

Padri akacheka kwanza kidogo, kisha akashindwa kujizuia, akashika ukuta. Nikamwuliza na jino langu je, lililopona? Akafuta machozi, akasema nimshukuru bibi yake Bi Felisbela.

Lango halikufungwa saa kumi na moja. Bwana Taveira mwenyewe alimtafuta fundi wa kufuli, akampata langoni anakula kastanha, akamleta na vyombo vyake. Kufuli lilikataa, likatiwa mafuta, likakataa tena, likavunjika. Mlango ulifunguka kwa mlio nitakaoukumbuka. Bi Felisbela akaniambia ningoje, akaingia peke yake. Tulimsikia akisema na mama yake. Alichosema ni chake, sitakisimulia.

Halafu akaniita. "Idalina! Lete hiyo kamera yako ya wazimu."

Nilisimama kizingitini. Jua lilikuwa limebaki kidogo sana. Kioo cha mlango kilifunguka kuelekea kwangu, na ndani yake nikaona kila kitu kwa pamoja: miberoshi, watu wote wa Freixal na maua yao, Padri amemshika mkono Bi Custódia aliyebeba koti lake la matope, mimi mwenyewe na kamera usoni. Kando ya kioo, kule ndani, alikuwa Bi Felisbela, amekaa kwenye kibao cha kupigia magoti chini ya dirisha, na juu ya kichwa chake, kwa mara ya kwanza bila msaada wa jiwe la mtu, jina lake limenyooka. Nikashika pumzi, nikabonyeza. Hiyo ndiyo picha iliyotundikwa kwenye ule ukumbi wa kahawa, kubwa kama mlango. Kamati walikuja wenyewe kuiomba.

Alitoka akijipangusa utando wa buibui begani, akakagua kijumba chake juu mpaka chini, ule ukaguzi wa mwenye nyumba.

"Hilo pazia limeoza," alisema. "Nitanunua jipya, na wewe utanifulia."

"Nitakufulia bure."

"Na rafu ya kushoto, karibu na mama, ni yangu. Mtu asiweke hata ufagio hapo."

"Hawekwi mtu wala ufagio, mama. Sasa una pa kulala."

"Ninapo," alisema, akanishika mkono, akanivuta kuelekea langoni kulikokuwa na moshi wa kastanha. "Lakini twende tukale kwanza. Mwenye kwake hana haraka."